Gasketi ya Hedi Haiungui Bure: Mhadhara kwa Wenye Magari Madogo

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, habari za asubuhi. Nashukuru mmefika mapema hapa Tabata, maana uani kwetu ikifika saa nne jua halina huruma, na nilichowaitia kinataka macho kuliko masikio.

Hiki nilichoshika ni gasketi ya silinda hedi. Imetoka kwenye Corolla 110 ile mnayoiona pale chini ya mwembe, yenye injini ya 5A ya lita moja na nusu. Mzee wangu, naomba uipokee, uitazame, kisha umpe wa pembeni yako. Angalieni tundu la tatu. Pete ya chuma inayolizunguka imeliwa, na kutoka pale hadi kwenye kitundu cha maji kuna mstari mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Mstari huo ndio ulionisimamisha Ubungo saa kumi na mbili jioni, mvuke unafuka chini ya boneti, wanangu wawili wanalia kiti cha nyuma.

Na hiyo siyo ya kwanza. Ni ya pili. Ya kwanza ilibadilishwa gereji, nikalipa, nikashukuru, nikaondoka. Hii mnayopokezana ndiyo waliyonifungia, na haikumaliza wiki sita. Ya tatu nimeifunga mwenyewe hapa uani pamoja na mpwa wangu, na huu ni mwaka wa nne inafanya kazi. Mikono yangu haikushinda ya fundi yule. Yeye amefungua injini nyingi kuliko idadi yetu sote hapa. Tofauti ni kwamba safari ya tatu tulipima, na safari ya pili hakuna aliyepima. Ndiyo habari niliyokuja nayo leo.

Tuanze na kazi yake. Injini ina sehemu mbili kubwa zilizobebana. Chini ni bloku, ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Juu ni hedi, yenye valvu, plagi na kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Gasketi inakaa katikati, na vitu vitatu vinapita hapo visivyotakiwa kukutana: moto, maji na oili. Plagi inapochoma mafuta injini ikiwa imebeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda unaweza kuvuka mara hamsini ya hewa hii tunayovuta. Milimita chache kutoka hapo, maji yanapita. Jirani yake, oili. Zile za chuma kitupu ni mabati membamba yaliyopangwa moja juu ya jingine. Hii ya kwangu ni ya grafiti yenye pete za chuma. Zote zinategemea jambo moja tu, kubanwa sawasawa kila mahali.

Sasa sikilizeni shida inapoanzia. Bloku ya 5A ni chuma cha kalibu, hedi yake ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Chukua hedi ya urefu wa sentimita 40 hivi. Asubuhi hapa Dar iko kwenye nyuzi 30, ikifanya kazi inafika nyuzi 90. Aluminiamu imetanuka zaidi ya nusu milimita, chuma kimetanuka karibu nusu ya hapo. Kwa hiyo kila siku unapowasha gari, hedi inasugua juu ya gasketi karibu theluthi moja ya milimita, kwenda na kurudi. Gasketi imetengenezwa kuvumilia hilo. Isichovumilia ni joto likipanda kupita kiasi. Hedi inataka kutanuka zaidi, bolti zimeishika, haina pa kwenda, basi inapinda. Ikipoa hairudi ilivyokuwa. Inabaki imeinama, na pale ilipoinama gasketi haibanwi tena. Moto unapata njia.

Ndiyo maana nasema gasketi haiungui bure. Kuna kitu kimechemsha injini kwanza. Ukibadilisha gasketi ukakiacha kile kilichochemsha, umenunua wiki sita kama mimi.

Hapa mjini wachemshaji nawajua, na wa kwanza ni maji yenyewe. Wengi wetu tunajaza rejeta, kile kipoozeo cha maji ya injini, kwa maji ya kisima. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, mnaonja wenyewe, sabuni haitoi povu. Chumvi ile ndani ya injini inafanya mambo mawili. Inajenga magamba kwenye mirija ya rejeta hadi maji hayapiti, na inaila aluminiamu kuzunguka matundu ya maji, pale pale gasketi inapokaa. Nilipopeleka rejeta yangu ikafunguliwe, karibu nusu ya mirija ilikuwa imeziba kwa kitu cheupe kigumu kama chokaa. Fundi wa kwanza hakuigusa rejeta. Mimi nami sikumwuliza.

Watu wanadhani kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi za baridi, eti sisi haituhusu kwa sababu maji yetu hayagandi. Faida yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kuliwa kwa chuma, na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Lakini muwe waangalifu dukani: chupa ya maji yaliyotoneshwa na chupa ya asidi ya betri hukaa rafu moja na hufanana. Soma maandishi kabla hujamimina.

Wa pili ni mfuniko wa rejeta. Kitu kidogo, watu wanafunga wowote unaoenea. Mfuniko ule unashikilia presha ya karibu kilo moja kwa sentimita ya mraba juu ya hewa ya kawaida, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye 100, yanangoja hadi kwenye 120 hivi. Mpira wake ukichoka, umepoteza nyuzi ishirini za usalama na hujui.

Wa tatu unaniuma kuliko wote: kung'olewa kwa themostati. Utaambiwa, "Hii ni ya Ulaya, huku joto, itoe." Themostati ni mlango unaofunguka maji yakishapata moto, kwenye magari mengi ni kuanzia nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu barabara ikiwa wazi, inakula mafuta na inachakaa upesi. Na kuna injini ambazo themostati hiyo hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye foleni gari linachemsha vibaya kuliko mwanzo. Kama themostati imekufa, nunua nyingine. Ukitaka kuijaribu, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, washa jiko, uone kama inafunguka.

Feni na pampu ya maji sitakaa nazo, mnazijua. Feni isipowaka kwenye foleni ya Tazara, utajua mwenyewe.

Sasa utajuaje kwamba gasketi imeungua kweli? Dalili ziko nyingi na zinadanganya. Maji yanapungua wala huoni yanapovuja. Moshi mweupe mzito unatoka kwenye eksozi hata injini ikishapata moto. Asubuhi gari linawaka kwa miguu mitatu, yaani silinda moja haichomi, dakika moja kisha linatulia, maana maji yaliingia silinda moja usiku. Ukichomoa plagi unakuta moja ni safi inang'aa, wenzake wana masizi. Hiyo imeoshwa na mvuke. Oili inakuwa kama chai ya maziwa. Ila utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutie hofu, gari la safari fupi fupi linaweza kuupata kwa unyevu tu. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, uangalie oili yenyewe.

Kipimo ninachokiamini ni kile cha maji ya bluu. Ni kichupa kinachowekwa mdomoni mwa rejeta huku injini inanguruma, na unaanza kazi hiyo injini ikiwa baridi. Kama moshi wa silinda unaingia kwenye maji, bluu inageuka manjano. Ongeza na kupima mgandamizo wa kila silinda: ukikuta mbili zilizo jirani ziko chini kuliko wenzake, ujue gasketi kati yao imeungua. Fanya hivi kabla ya kushika spana. Nimeona mtu kafungua injini nzima kumbe ni mpira wa maji uliopasuka kwa nyuma.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza kama kila mtu anaweza kufanya kazi hii nyumbani. Mama yangu, hapana, na sitamdanganya mtu. Kama kamshafti ya gari lako inazungushwa na cheni badala ya mkanda, kama zile IST na Vitz zenye injini ya 1NZ, hesabu kwamba utafungua na kifuniko cha mbele cha injini, na kazi inakuwa kubwa zaidi. Kama huna mahali gari linaweza kulala wiki mbili bila kuguswa, usianze. Na kama huna spana ya kupimia, ile ya toki inayolia "tik" ikifika kipimo, azima au kodi. Bila hiyo usiifunge hedi.

Kufungua nitapita haraka. Injini iwe imepoa kabisa, imelala usiku mzima. Hedi ikifunguliwa ya moto inapinda mikononi mwako. Toa waya hasi wa betri. Kinga kulanti kwenye beseni, usiimwage uani: ile ina ladha tamu na ni sumu, inaua kuku, mbwa, na mtoto pia. Piga picha kwa simu kila hatua, kila waya, kila mpira. Chukua katoni, chora umbo la hedi, toboa, chomeka kila bolti mahali pake. Kwenye 5A bolti za hedi ni kumi, na za upande mmoja ni ndefu kuliko za upande wa pili, kwa hiyo katoni hiyo si urembo. Weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa, hakikisha alama za taimingi, zile zinazolinganisha mwendo wa valvu na wa pistoni, zimekaa, ongeza alama zako kwa rangi ya kucha. Kisha legeza bolti za hedi kidogo kidogo, kwa mizunguko kadhaa, ukianzia za pembeni ukimalizia katikati.

Hedi imetoka. Hapa ndipo watu wanapokimbilia kufunga, na mimi naomba mkae.

Kwanza kusafisha. Mabaki ya gasketi ya zamani yameganda kama gundi. Kwenye aluminiamu tumia kikwangulio cha plastiki au cha mbao na dawa ya kulainisha, na uvumilivu. Bisibisi itachora mfereji, na mfereji ni barabara ya moto. Na msiniwekee kile kisahani cha msasa kwenye drili, naomba sana. Kinang'arisha haraka, kinapendeza, lakini chembe zake zinaingia kwenye njia za oili, na chembe hizo zinasaga bearingi za krankishafti, ule mhimili mkubwa wa chini unaozungushwa na pistoni. Mtu anabadilisha gasketi leo, mwezi ujao injini inagonga, halafu anasema injini ilikuwa na mkosi. Ziba matundu kwa vitambaa safi kabla ya kukwangua. Mpwa wangu na mimi tulitumia Jumamosi nzima kusafisha nyuso mbili hizi. Jumamosi nzima, kutoka chai hadi magharibi.

Kisha matundu ya bolti kwenye bloku. Haya hayana upande wa pili. Yakibaki na maji au oili chini, ukikaza bolti inasukuma kile kimiminika, hakina pa kutokea, na bloku inaweza kupasuka. Kausha kila tundu kwa kitambaa kwenye kijiti, kisha upepo. Vaa miwani unapopuliza.

Sasa kupima. Unahitaji rula ya chuma iliyonyooka kweli, ya kazi hiyo, siyo ya shuleni, na fila, hivi vibati vyenye namba. Unailaza rula kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari pande zote mbili, mara sita kwa uchache, na kila mara unajaribu kupenyeza kibati chini yake. Kwa injini hii kikomo ni milimita 0.05. Ni wembamba wa unywele wa kichwani. Hedi yangu katikati ilipitisha kibati cha 0.15. Mara tatu ya kikomo! Nilikaa chini nikaitazama. Ndiyo ile ile iliyofungwa juu ya gasketi mpya wiki sita kabla, bila mtu kuiwekea rula. Hakuna gasketi duniani ingeweza kuishi pale.

Hedi iliyopinda haitibiwi nyumbani. Usiisugue kwa msasa juu ya kioo. Ipeleke karakana ya mashine ikasawazishwe, na ukifika pale waambie mambo matatu: waipime nyufa kwa presha kabla ya kuichonga, waondoe kiasi kidogo kinachotosha tu, na wakuonyeshe kipimo baada ya kumaliza. Ukirudi nayo nyumbani, ipime tena wewe mwenyewe. Wala si kumkosea mtu heshima. Na ile rula ilaze na juu ya bloku. Watu wanaisahau bloku.

Vipuri tunavinunua Kariakoo, upande wa Gerezani. Nenda na gasketi yako ya zamani mkononi, uilaze juu ya mpya, tundu kwa tundu. Bolti za hedi usinunue za mtumba. Bolti hizi zikikazwa zinavutika kama mpira, na mvuto huo ndio unaobana. Iliyokwisha kurefuka haivuti tena.

Tunafunga. Gasketi ina upande wa juu na wa mbele, mara nyingi imeandikwa. Hakikisha tundu la oili limekutana na tundu la oili. Usipake silikoni. Najua mkono unakuwasha, usipake. Ya ziada inakatika na kuziba njia za oili. Nyuzi za bolti na washa zake ndizo zipakwe oili, kidogo tu. Sababu yake ni hii: ukikaza bolti, sehemu kubwa ya nguvu yako, karibu asilimia tisini, inaliwa na msuguano. Inayobaki ndiyo inayobana. Bolti kavu yenye kutu itakulilia "tik" mapema, nawe utaamini imekaza.

Mpangilio ni kinyume cha kufungua: unaanzia katikati, unakwenda pembeni kwa kupishana. Kwa 5A, mzunguko wa kwanza ni Nyutoni mita 29 kila bolti, kipimo unachokiweka kwenye spana ya toki. Hapo unaweka toki pembeni, unachukua ile rangi ya kucha, unatia nukta upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti. Unazungusha kila moja robo duara, kwa mpangilio ule ule. Kisha robo nyingine. Mwisho nukta zote kumi zinatazama nyuma. Ukiona moja inatazama pembeni, umeiruka. Robo ya pili itakuwa nzito na utaogopa. Vuta polepole, usishtue. Lakini namba hizi ni za injini yangu. Tafuta kitabu cha injini yako, usichukue za jirani.

Ukisharudisha mkanda, zungusha krankishafti kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, alama zirudi zilipokuwa. Ikigoma popote, simama, usilazimishe. Weka oili mpya na filta mpya, kisha jaza kulanti mfuniko ukiwa wazi, washa, uache hewa itoke hadi mpira wa chini wa rejeta upate moto. Baada ya siku chache za kuendesha, oili hiyo imwage tena kama ya zamani ilikuwa imechanganyika na maji.

Kuna kaka nyuma pale kauliza kuhusu dawa za kumimina kwenye rejeta zinazoziba gasketi. Kaka yangu, inaweza kukufikisha nyumbani kutoka Chalinze. Ila inachoziba haichagui. Ile ile inaziba na mirija ya rejeta. Na hedi iliyopinda haiwezi kuinyosha.

Na dada ameuliza afanye nini likichemsha barabarani. Zima kiyoyozi, toka pembeni, zima injini papo hapo. Usiseme nifike tu pale sheli. Ile nusu kilomita ndiyo inayopinda hedi. Usifungue mfuniko wa rejeta, utaungua uso. Ngoja hadi uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuruka, ni nusu saa na zaidi. Wala usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, inapasuka. Na kwa magari yasiyo na mshale wa joto, yenye taa ya bluu na nyekundu tu, jueni kwamba maji yakiisha kabisa kihisio kinabaki hewani na taa nyekundu inaweza kuchelewa. Fungua boneti kila Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, uangalie maji kwa macho yako.

Basi. Pale mezani nimeweka hedi ya zamani niliyoazima kwa jirani, rula na fila. Imepinda, ila sitawaambia ni wapi wala kwa kiasi gani. Njooni wawili wawili muipime, kila mmoja aandike namba yake kwenye ile karatasi, halafu tulinganishe. Mama, wewe uliyeuliza swali la kwanza, njoo uanze.